Wifi na Toroli la Mashuka

Machi 4

Mvua imeingia leo kabla hatujafungua mlango wa dobi, na mashine ya kukausha imekufa tangu juzi. Hayo ni mambo mawili ambayo msimamizi wa dobi ya hoteli hataki kuyasikia katika wiki moja. Meneja ameniagiza niandike kila siku ni mashuka mangapi yamechelewa, awaonyeshe wenye hoteli. Hayo nimemwandikia kwenye karatasi zake. Daftari hili ni langu la kupumulia, maana nikipumulia nyumbani mume wangu husema nimeleta kazi mezani.

Tuko wanane. Mpaka kipuri kifike tutaanika kwa mkono chini ya paa refu la nyuma, kwenye kamba zilizofungwa juu ili mashuka yasiburute sakafuni. Toroli la kutoka vyumbani analisukuma wifi yangu. Mimi ndiye niliyemwombea kazi hii miaka minne iliyopita, na mume wangu hajaacha kunishukuru kwa ajili ya dada yake. Dada mwenyewe alishukuru mara moja tu, akiwa anatazama kwingine.

Machi 6

Kuna jambo la wifi nimelianza kuliona na sasa siwezi kuacha kuliona. Akiwa na toroli limejaa mpaka juu, anainama juu ya mpini, anaimba, anapita korido yote bila kusimama. Akiwa mikono mitupu hafiki mbali. Kutoka dobi hadi geti ni hatua kama mia mbili, na jana jioni alisimama mara tatu, mara ya pili akakaa kwenye ukingo wa bustani kama mtu anayesubiri posa. Alipoinuka akatembea vizuri kabisa, hatua hamsini, kisha akasimama tena.

Mpiga pasi wetu, ambaye mdomo wake ni moto kuliko pasi yake, amesema, "Mzigo haumchoshi huyu. Kinachomchosha ni kuondoka bila mzigo." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, ingawa ni ndugu.

Machi 9

Mvua. Taulo zinanuka uvundo.

Machi 12

Leo wanawake wawili wa kuanika walinijia wakaniambia kwa upole kwamba mikono yao imekufa kwa kuinuliwa juu kutwa, wakati kuna watu wanatembezwa na toroli na kupumzika bustanini wapendavyo. Hawakutaja jina. Kulitaja kwa nini, na dobi nzima inajua nani ni wifi wa nani?

Nikaamua kujihakikishia. Nilimtuma wifi mapokezi na ujumbe mtupu, bila toroli, nikasimama dirishani. Alifika kwenye ukuta wa jiko akasimama. Akainama mbele, mikono magotini, kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Akakaa hivyo kitambo. Alipotokea mhudumu wa vyumba akajinyoosha haraka, akatabasamu, akasalimia, wakaagana, akainama tena. Nikasema moyoni, mwenye macho haambiwi tazama. Mgonjwa wa kweli hawezi kuuzima ugonjwa kwa sababu mtu amepita.

Niandike na hili, kwa kuwa hakuna anayesoma. Nilipojifungua mtoto wangu wa pili, kiuno kilinikata wiki tatu sikuweza kuinuka. Wifi alikuja kunitazama, akasimama mlangoni, akasema wenzangu huzaa na kesho yake wakafagia uwanja. Imepita miaka ishirini na moja. Sijamwambia kwamba nalikumbuka neno lile, hata mlango alioegemea naukumbuka.

Machi 15

Wifi ameniletea karatasi ya zahanati. Daktari wa pale ameandika kwamba anahofia mishipa ya fahamu imebanwa kiunoni, asisimame muda mrefu, asifanye kazi ya kuinua mikono juu, na aende hospitali kubwa kupimwa haraka. Wifi anaomba siku mbili, na meneja ndiye wa kutoa ruhusa. Alinipa karatasi kwa mikono miwili, jambo ambalo hajawahi kunifanyia, na akasema, "Nisaidie tu isichelewe, wifi."

Wiki hii tuna wageni wa mkutano, vyumba vyote vimejaa, na watu wangu wawili wana homa. Nimemwambia nitaipeleka. Nimeiweka kwenye droo, chini ya karatasi za sabuni.

Machi 16

Bado iko kwenye droo. Kesho.

Machi 19

Nimempeleka wifi kwenye kamba, na mmoja wa wale wawili waliolalamika nimempa toroli. Ni haki, kila mtu ajaribu kila kazi. Kusema kweli sikutaka kusikia tena kwamba nampendelea, na nikajiona kiongozi hodari kwa kuwa mkali kwa wa kwangu.

Wifi alinivuta pembeni akasema, "Wifi, toroli ndilo linalonisaidia."

Nikamwuliza ni mtu gani duniani husaidiwa na mzigo. Akaenda kuchukua vibanio. Nadhani hata yeye hakujua namna ya kulieleza.

Machi 21

Mvua kutwa. Mashuka ya Jumatatu yamekauka leo.

Machi 25

Wifi aliniuliza kuhusu karatasi. Nilisema meneja hajajibu. Uongo ule ulitoka laini, kama mtu aliyekwisha kuufanyia mazoezi, na labda nilikuwa nimeufanyia. Akasema, "Basi tusubiri, ana mambo mengi yule." Kwa hiyo sasa namsingizia pia mtu ambaye hajui lolote.

Kesho wageni wa mkutano wanaondoka. Nitaitoa.

Machi 28

Sikuitoa. Imekaa siku nyingi mno. Nikiipeleka leo meneja atasoma tarehe na kuniuliza ilikuwa wapi. Kila siku ninayochelewa inaifanya ya kesho iwe ngumu zaidi.

Wifi anaburuta ndara ya kulia. Anasema nyayo zake zina ganzi, anakanyaga sakafu kama amevaa soksi nene. Anaanika mashuka manne, matano, kisha anageuza ndoo na kuikalia, anainama hadi kifua kinakaribia magoti, na baada ya dakika chache anarudi. Leo nilipomkuta hivyo nikasema kwa sauti, wote wakisikia, kwamba ndoo ni za maji, si za kukalia. Walicheka. Na yeye alicheka, akainuka kwa kushika kamba. Mpiga pasi peke yake hakucheka, na hilo limenikera zaidi kuliko kama angecheka.

Aprili 2

Kipuri kimefika. Si chenyewe. Kimerudishwa.

Aprili 3

Mume wangu anasema dada yake amepungua, je, kazini ni mzima? Nikamjibu kwamba umri haubishi hodi. Ana miaka hamsini na sita. Akatikisa kichwa, akaendelea kula.

Aprili 5

Naandika hapa kwenye benchi la hospitali, nyuma ya karatasi za meneja. Nitazibandika daftarini baadaye.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Wifi alikuwa kwenye kamba ya tatu, mikono juu, kichwa nyuma, akipachika shuka la kitanda kikubwa. Niliona maji yakimtiririka miguuni nikadhani ni ya shuka, nikamwambia akamue vizuri. Mpiga pasi akaacha pasi yake, akaja akanong'ona, "Bosi, hayo si maji ya shuka."

Wifi alikuwa hajui. Alijitazama miguuni kama anayetazama kitu cha mtu mwingine. Nilimsogeza nyuma ya mapazia, nikataka kumbadilisha nguo, akaniambia kwa sauti ndogo, "Sisikii, wifi. Hapa ninapokalia sisikii kitu. Tangu jana jioni." Nikamwuliza kwa nini hakusema. Nilijua jibu kabla sijamaliza kuuliza: angemwambia nani?

Tulipojaribu kumtembeza, mguu wa kulia haukuja, na wa kushoto ukakunjika. Hakuna machela hotelini. Mpiga pasi akalitoa toroli, akatandika taulo kavu, taulo tano za mwisho kavu katika jengo zima, tukamweka ndani, nikamsukuma mimi hadi getini tulipopata gari. Nikiwa nimeinama juu ya mpini ule mvua ikinipiga mgongoni, niliona wazi jinsi alivyokuwa akiinama yeye. Toroli lilikuwa linambeba. Alikuwa analegeza uzito wake wote juu yake.

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye haraka bila jeuri. Wifi alikuwa anajibu nusu nusu kwa aibu, basi daktari akanigeukia mimi.

Akauliza maumivu yako wapi, nikasema kiunoni, yanashuka matakoni hadi kwenye miguu yote miwili, kulia zaidi. Akauliza yanakuja lini, nikasema akitembea au akisimama. Umbali gani? Hatua sitini, sabini, na siku hizi ishirini. Akikaa je? Yanapungua, kwa dakika tatu au nne. Akiinama mbele? Yanapungua pia. Akisukuma kitu? Nikasema akisukuma kitu anaweza kutembea kutwa nzima, anaimba. Akijinyoosha, akiinua mikono? Hapo hawezi hata kidogo, anatafuta ndoo akae. Ganzi imeanza lini? Kama siku nane, tisa.

Daktari aliandika yote, kisha akainua macho akaniambia, "Umemwangalia ndugu yako vizuri sana. Wengi hawajui hata nusu ya haya."

Nilitaka ardhi ipasuke. Nilikuwa nimeviona vyote. Wiki nne nimekaa dirishani nikikusanya dalili za ugonjwa moja baada ya nyingine, nikazipanga kama ushahidi wa uvivu.

Walimwingiza kwenye ile mashine kubwa ya kupiga picha za ndani, kisha daktari akanionyesha. Katikati ya pingili za mgongo unapita mfereji, na ndani yake mishipa ya fahamu inashuka kwenda miguuni na kwenye kibofu. Kwa watu wengine mfereji huo hufinyika miaka inavyokwenda, mfupa unaongezeka, nyama za ndani zinanenepa. Mtu akiinama mbele unapanuka kidogo na mishipa inapumua. Akijinyoosha au kurudisha mgongo nyuma, unabana. Kwake umebana mahali pawili, na hapo chini pingili imesukuma kile kitu laini kilicho kati yake na mwenzake kikaziba njia yote. Akasema kwa kawaida huanza kwa mazoezi, dawa, kubadilisha kazi, na wengi huishi hivyo miaka bila kisu. Lakini mtu akifa ganzi anapokalia na mkojo ukatoka bila habari, hiyo si ya kusubiri kesho. Wanampasua leo.

Nikauliza kama kuinua mikono ndiko kulikofanya hivi. Akasema huwezi kulaumu jambo moja, mfereji umefinyika kwa miaka. "Ila hakukusaidia," akasema.

Aprili 6

Amepasuliwa, yuko hai, vidole vya mguu wa kushoto vinacheza. Vya kulia bado. Mkojo unatoka kwa mpira.

Mume wangu alilia mbele ya watu, mtu ambaye hakulia hata alipozika wazazi wake. Kisha akanishika mkono akasema, "Asante, mke wangu. Ungechelewa ningemkosa dada." Halafu akaanza kuilaani hoteli, kwamba ina roho gani ya kumwanikisha mtu mzima anayeumwa. Nikasema ndiyo. Nimekula wali wangu na ndiyo ile kooni.

Aprili 10

Meneja ameniita. Wenye hoteli wanauliza maswali. Kama wifi alikuwa anajua ugonjwa wake na hakuutolea taarifa, wataandika kwamba ameficha maradhi na kazi yake imekwisha. Kama alitoa taarifa, kanuni inawataka wamtunzie nafasi na wamtafutie kazi ya kukaa. "Wewe ndiye msimamizi wake," akasema. "Alikwambia lolote?"

Nikasema nitaangalia kwenye karatasi zangu.

Aprili 11

Sikuangalia.

Aprili 12

Wifi ameuliza kama nafasi yake ya kazi ipo. Anaiuliza kabla ya kuuliza kama atatembea. Ni mjane, anaishi kwa mikono yake, na kukaa kwa kaka yake na mimi, akitazamia sahani yetu, ni kitu anachokiogopa kuliko kisu. Nilimrekebishia mto nikasema tuombe.

Aprili 14

Nimeipeleka. Niliiweka mezani kwa meneja kabla hajavua koti, maana nilijijua, nikisubiri anywe chai nitarudi nayo. Alisoma, akasoma tarehe, akaitazama kalenda ukutani. Nikasema aliniletea Machi kumi na tano, ilikaa kwenye droo yangu, nilimwambia kwamba wewe hujajibu, na siku ya kumi na tisa nikampeleka kwenye kamba.

Akaniuliza sababu. Nilikuwa nimeandaa habari za mkutano na homa. Nikasema sikumwamini. Basi.

Wifi nafasi yake ipo: atakuwa anashona mashuka yaliyochanika, ameketi. Mimi si msimamizi tena. Kuanzia kesho nachambua nguo chafu, na msimamizi wangu ni mpiga pasi. Hakunikejeli. Laiti angenikejeli kidogo.

Mume wangu nilimwambia mchana huo huo uwanjani pa hospitali. Hakufoka. Aliondoa mkono wake begani kwangu taratibu, akasema anakwenda kununua maji, ilhali chupa ya maji nilikuwa nimeishika mimi, imejaa.

Kisha nikaingia wodini. Nilimweleza wifi yote bila kuruka: karatasi, uongo, ndoo. Nikamweleza hata neno lake la miaka ishirini na moja, la kufagia uwanja. Hilo alilifikiria, akakunja uso. Halikumbuki. Aliniuliza alikuwa amevaa nini, kama vile ingemsaidia. Nimeilisha chuki ile miaka yote hii, na mwenyewe hajui hata kama aliizaa.

Nikamwomba msamaha.

"Wifi," akasema, "asubuhi hii wamenifundisha kukojoa. Nina miaka hamsini na sita, nafundishwa kukojoa kwa saa, kama mtoto. Mchana nafundishwa kusimama. Hiyo ya kukusamehe iweke kando kwanza. Siwezi kazi tatu kwa siku moja."

Aprili 23

Wifi yuko kwetu. Tumempa chumba cha mbele kwa sababu kiko karibu na choo. Analala ubavu, mto katikati ya magoti. Asubuhi na jioni analala chali, anavuta goti moja kifuani, kisha jingine, mimi nahesabu hadi ishirini. Anatembea na fremu ya chuma, mgongo umeinama kidogo, na mtaalamu wa mazoezi anasema afanye safari fupi nyingi badala ya moja ndefu, akae kabla maumivu hayajamkalisha. Alitwambia pia, bila kupaka sukari, kwamba mguu wa kulia unaweza usirudi wote, na kwamba kiuno kitamsumbua siku na siku. Kuna siku nzuri na siku mbaya, na hazitoi taarifa.

Mume wangu ananiambia chumvi, asante, usiku mwema. Ni maneno mengi kuliko wiki iliyopita.

Mei 1

Mvua. Wifi amefika hadi bombani na kurudi.

Mei 6

Leo alichelewa kufika chooni, nikamsafisha. Mwishowe akasema mimi nafua vizuri kuliko ninavyosimamia. Nilicheka mpaka nikashindwa kusimama, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, nikarudi nikaendelea kufua.

Mei 11

Mashine ya kukausha imepona. Na mvua imekatika, bila shaka kwa kutukejeli.

Mei 17

Jua kali. Mtaalamu ameagiza safari nne kwa siku hadi getini na kurudi, na jana wifi alizimaliza zote, akaomba ya tano. Leo asubuhi alikuwa mchangamfu, amekaa barazani akimtania jirani hadi jirani akakimbia. Nilipoleta fremu akasema, "Leo miguu haitaki."

Na mimi, baada ya yote haya, nilimtazama usoni. Nilitafuta kama kuna maumivu. Sikuyaona. Wazo likaja lenyewe, kwa sauti yangu ile ile ya dirishani: si alikuwa anacheka sasa hivi, anajidekeza huyu. Sikulisema. Lakini nilisimama na fremu mkononi sekunde mbili zaidi ya ilivyohitajika, na wifi si kipofu.

"Unanipima," akasema.

Nikasema ndiyo. Sikuwa na uongo mwingine wa kumpa.

"Na umeona nini?"

"Sijaona kitu, wifi. Sioni maumivu yoyote."

Akaitikia kwa kichwa, bila hasira. Akasema hayaonekani, hata yeye akijitazama kwenye kioo hayaoni. Kisha akasogea upande mmoja wa benchi, akiliegemea kwa kiganja.

Nimeandika mwanzoni kwamba daftari hili ni la kupumulia. Nilitaka leo niandike kwamba nimebadilika, mvua imekwisha na mimi nimekwisha kuwa mtu mwingine. Si kweli. Lile wazo bado limo ndani yangu na huenda likaja tena kesho, na keshokutwa, kila atakaposema naumwa na uso wake ukawa mzuri.

Niliegemeza fremu ukutani nikakaa kando yake. Sikumwuliza itachukua muda gani. Tulikaa pale mpaka yeye mwenyewe aliposema twende.